Ukiulizwa Nani Aliitengeneza Fimbo Ile

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Tusajigwe,

Barua yenye adabu huanza kwa kujulishana hali. Basi hali yangu unaijua. Tumekula pamoja sasa hivi, na ni wewe uliyeniambia nina mchuzi kidevuni. Naomba tuliruke hilo.

Umekwenda kuaga kwa bibi, na kwa jinsi ninavyomjua, hatakuachia mpaka jua lielekee kuzama. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa kwenye benchi la kazi, nimesukuma mbao pembeni, naandika kwa penseli yangu ya useremala, ile bapa, ndiyo maana herufi zimenenepa hivi. Habari za sweta, za baridi ya Iringa, za kumsalimu mke wa mjomba vizuri na kuamka kabla yake, zote hizo mama yako ameshakuambia, tena mara tatu. Sina la kuongeza. Nikijaribu kuongeza ataniambia nimekosea.

Nataka kujibu swali lako tu. Jana ulipokuwa ukifunga sanduku uliniuliza, "Baba, Bwana Polepole akiniuliza habari za ile fimbo, niseme nini?" Nikakujibu, "Utaona mwenyewe hukohuko." Halafu nikainama kutafuta msumari. Hakukuwa na msumari, Tusa. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka uso wangu.

Kesho nitakupa barua hii mkononi pale basi linapopakia. Usiifungue mbele yangu. Lakini basi likifika Makambako uwe umeimaliza, kwa sababu ukifika Iringa hujaisoma utajiharibia kazi siku ya kwanza, na atakayekuwa amekuharibia ni mimi.

Nianzie mbali kidogo. Kosa langu la mwaka huu lina kaka yake mkubwa.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili nilipoitwa Iringa kutengeneza meza za onyesho la wakulima. Onyesho lenyewe lilikuwa la ng'ombe, mahindi na matrekta, lakini walowezi walikuwa na hema lao pembeni la mambo ya kujifurahisha. Mmoja ameleta maua, mwingine ameleta stempu za barua amezibandika kwenye daftari, mama mmoja amefuma paka. Watu wazima, mwanangu, wamekaa nyuma ya meza zangu wanaonyeshana vitu ambavyo hakuna aliyewatuma kuvifanya. Niliona ajabu.

Sasa, meza moja ikawa inacheza. Nikaingia chini yake na kabari na nyundo. Nikiwa kule chini nikasikia randa inafanya kazi juu ya kichwa changu. Sauti ya randa naijua kama sauti ya mama yako, lakini hii ilikuwa nyembamba mno, kama mtu anachana karatasi. Nikatoa kichwa. Mzee mmoja mrefu, amekunja mikono ya shati, anapiga randa kijiti cha mwanzi kisichozidi unene wa njiti chache za kiberiti. Watumishi wa shambani kwake Mufindi walimwita Bwana Polepole, maana hilo ndilo neno lake la Kiswahili alilolijua vizuri. Mengine yalikuwa kama meza yangu ile, yanasimama lakini yanacheza.

"Wewe fundi?"

"Ndiyo, bwana."

"Wewe jua mianzi?"

"Bwana, mimi mtu wa Rungwe. Nilipozaliwa niliikuta mianzi mlangoni."

Akacheka, akavuta kiti, akanionyesha. Wewe haya unayajua kama jina lako, lakini mimi siku ile nilidhani mzee amerukwa na akili. Anachukua mwanzi mzima. Anaupasua vipande sita. Kila kipande anakipiga randa kiwe na pembe tatu. Halafu vyote sita anavibandika kwa gundi, anavifunga uzi, vinakuwa fimbo ya kuvulia samaki. Nikajiuliza moyoni, si angeuacha tu mwanzi ulivyokuwa? Kisha akaniambia nishike ncha, akashika mpini, akatikisa kidogo. Tusa, ile fimbo ilikuwa hai. Nilihisi mkono wake kwenye vidole vyangu, na tulikuwa tumesimama mbali, yeye huku na mimi kule. Miaka ishirini natengeneza vitanda na milango, sijawahi kutengeneza kitu kinachokujibu.

Siku tatu za onyesho nilishinda pale. Kila alichosema aliuliza, "Fahamu?" na kila mara nilijibu, "Ndiyo, bwana." Siku ya pili aligonga kidole kwenye upande wa nje wa mwanzi, ule unaong'aa, akasema maneno marefu, nusu Kiingereza, akakunja uso. "Fahamu?" Ndiyo, bwana. Sikufahamu hata kidogo. Lakini nilikuwa nimeshajisifu na mianzi ya mlangoni. Tena kwetu mkubwa akikueleza jambo unainamisha kichwa unaitikia. Kumuuliza mara ya pili ni kama kumwambia kwamba hakusema vizuri. Nilifundishwa hivyo na baba yangu, na kwa baba yangu ilifaa, kwa sababu baba yangu alieleza habari za ng'ombe na ng'ombe alikuwepo pale akimsaidia kueleza.

Nikarudi Mbeya, nikatengeneza fimbo yangu ya kwanza. Na kwa kuwa mimi ni seremala, nilifanya kama seremala: nikaikwangua nje mpaka ikawa laini kama benchi la kanisa, vifundo vyote nikavisawazisha, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Ulinishikia kopo, nafikiri unakumbuka. Mwaka uliofuata nikaipeleka Iringa nikiwa nimeifunga kwenye shuka. Bwana Polepole akaipokea, akaitazama kwenye mwanga, akaikunja kidogo tu. Ikasema tak. Kama ganda la maharage yaliyokauka.

Hema zima liligeuka. Yule mama wa paka alicheka mpaka akashika meza.

"Mimi sema wewe," akaniambia Bwana Polepole, "ngozi ya mwanzi hapana gusa. Nguvu yote iko ngozi. Wewe sema ndiyo."

"Ndiyo, bwana," nikasema.

"Tena ndiyo!"

Hapo hata mimi nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha mtu anayetafuta mlango. Nilikaa nje ya hema kwa muda, kisha nikarudi ndani, na hili ndilo jambo moja katika habari hii ambalo sijutii. Nikamwambia, "Bwana, nieleze tena kutoka mwanzo. Sikuelewa." Mdomo wangu ulikuwa mzito kama umejaa gundi. Akanieleza tena. Na fimbo ya pili haikuvunjika, wala ya tatu, na walowezi wakaanza kuja mpaka hapa dukani kuagiza fimbo za kuvulia trauti, yule samaki waliyemleta wenyewe kutoka kwao wakamtia kwenye mito yetu ya baridi.

Mianzi tulipewa na mjomba wako huyohuyo utakayekaa kwake. Nilipokwenda kumwomba, tukiwa tumeshaamkiana kamwene kwa kamwene mpaka zikaisha, aliniuliza, "Shemeji, mianzi hii tunaigema ulanzi. Wewe unataka kuukata mwanzi uliokomaa ili uvulie samaki?"

"Siyo mimi ninayevua."

"Anayevua anamla?"

"Mara nyingine anamrudisha mtoni."

Akanitazama, akamtazama dada yake, yaani mama yako, kwa huruma. Kisha akasema, "Kunywa kwanza, shemeji. Habari za mianzi tutazungumza kichwa chako kikitulia." Mpaka leo anadhani kuna kitu simwambii. Ukifika, mwonyeshe kazi yako, labda atakuamini wewe.

Sasa nakuja kwako.

Wewe ulianza kwa kunizungushia fimbo nilipokuwa nafunga uzi wa hariri. Kazi yako ilikuwa kuzungusha tu. Lakini ulikuwa unauliza. Baba, kwa nini vifundo havikai pamoja? Nikakujibu. Baba, lakini kwa nini? Nikakujibu kwa kifupi. Baba, na kama vingekaa pamoja? Hapo nikasema, "Zungusha." Mara ngapi nimekuambia "Zungusha," Tusa? Nilimwambia mama yako kwamba mtoto huyu ana ugonjwa wa maswali. Mama yako akasema, "Huo ugonjwa nilitamani uupate wewe."

Na mwaka huu, miezi miwili kabla ya onyesho la hapa Mbeya, Bwana Polepole alisimama dukani akiwa na fimbo iliyopasuka. Mimi nilitazama fimbo. Nikaona mpasuko uko wapi, nikaona uzi gani umelegea, nikajisikia fundi mkubwa. Wewe ulitazama mkono wake. Uliona kwamba mkono wa kulia unatetemeka, kwamba hawezi tena kukunja kidole gumba sawasawa, kwamba fimbo inamponyoka kabla hajairusha. Ukachukua mabaki ya mianzi yangu, ukawa unafanya kazi yako pale dirishani kila ukimaliza kufua. Mpini ukaufanya mnene, ukaubapaza mahali pa kidole gumba. Na fimbo yenyewe ukaifanya ianze kukunjwa chini kabisa, karibu na mkono, iende taratibu.

Nilipoijaribu nikasema, "Laini mno hii. Mjeledi."

Ukasema, "Siyo ya mkono wako, baba. Ya mkono wake."

Niliipeleka kwenye onyesho kwa sababu moja tu: meza yangu ilikuwa na nafasi wazi.

Unakumbuka kilichotokea, lakini nitakiandika, kwa sababu mpaka leo nyumbani hakijasemwa. Bwana Polepole alikuja mezani, akaruka fimbo zangu zote nzuri, akachukua ile. Akaishika. Mkono wake ukakaa. Akatoka nje ya hema, akairusha mara moja, mara mbili, juu ya nyasi, na mshipi wa kuvulia ukaenda mbali, ukalala chini kama mtu aliyechoka vizuri. Alirudi macho yamebadilika. Akauliza, "Nani tengeneza hii?"

Nikasema, "Mimi, bwana."

Ulikuwa umesimama ubavuni kwangu na kopo la vanishi. Ulitazama chini, kama tulivyokufundisha. Akanishika mkono, watu wakaja wakanishika mkono, hata Baba Lusajo, jirani yetu fundi wa baiskeli, alikuja akanipiga bega, na nikafurahi. Sitakudanganya na hapo. Nilifurahi kweli. Ilipofika jioni tulirudi nyumbani kwa miguu, wewe umebeba sanduku la vifaa, na njia nzima ulisema kitu kimoja: "Baba, mvua inakuja." Na kweli ilikuwa inakuja.

Ungenililia, ningekujibu. Ungeninunia, ningekuita mtoto asiye na adabu, nami ningelala salama. Lakini ulinipa habari za mvua.

Halafu barua ikaja kutoka Mufindi. Karakana ndogo inafunguliwa Iringa mjini, Bwana Polepole anataka kutengeneza fimbo za kuagizwa, kila moja kufuata mkono wa atakayeitumia, na anataka fundi aliyetengeneza ile. Afanye kazi naye, na kwenye onyesho lijalo akae mezani afundishe wengine. Nilimsomea mama yako kwa sauti kubwa. Nikasema nitakwenda.

Ile mianzi uliyoikuta jikoni, mama yako akiwashia moto, nilikuambia ni mianzi mibovu. Ilikuwa mizuri. Wiki tatu nilijaribu kuiga fimbo yako, ulipokuwa kwaya, ulipokuwa sokoni. Ya kwanza ilikuwa ngumu kama mpini wa jembe. Ya pili ikalegea ikawa mjeledi kweli. Ya tatu ilivunjika nikiwa bado natafuta la kuisema. Ndipo goti langu likaanza kuuma. Mama yako akanitazama siku moja nikichechemea kwenda kutafuta bahasha, akasema, "Baba Tusa, goti lako linauma siku za barua tu." Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Ukifika kule, mikono yako itasema nini?"

Basi nilimwandikia Bwana Polepole. Nilimwandikia kila kitu: kwamba fimbo ile ni kazi ya binti yangu, kwamba nilisema uongo mbele yake na mbele ya mtoto. Nilichana karatasi nne. Wewe nilikuambia kwamba nimemwomba akupokee badala yangu kwa ajili ya goti. Hilo nalo ni uongo, wa pili. Naona ule wa kwanza ulitaka kuwa na mdogo wake.

Jibu lake limekaa kwenye droo ya misumari. Ameandikiwa na karani, kwa hiyo Kiswahili kimenyooka: "Nilikasirika. Sasa nataka kuiona hiyo mikono. Atajaribiwa mwezi mmoja kama mtu mwingine yeyote. Akiweza atabaki, asipoweza atarudi kwenu."

Sasa umeelewa kwa nini siwezi kukuacha uone mwenyewe hukohuko. Nakujua. Akikuuliza, utainamisha kichwa useme, "Ni kazi ya baba," ili unifunike. Na utakuwa unamwambia uongo mtu anayejua ukweli, saa ya kwanza, siku ya kwanza ya mwezi wako mmoja. Atafikiri nyumba yetu yote ndivyo ilivyo. Kwa hiyo jibu langu ni hili: sema, "Ni mimi." Usitafute maneno mengine. Usiongeze "lakini baba alinifundisha." Nilikufundisha kuzungusha.

Sikuambii uwe mkavu wa macho. Adabu unayo, na wenye nyumba utakaowakuta wataiona. Lakini siku ile pale mezani nilichukua adabu yako nikaitumia kama kifaa changu. Nilijua hutanipinga mbele za watu. Ndiyo maana nilithubutu. Jambo hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata uongo wenyewe, na sitaki mtu mwingine akufanyie hivyo tena, awe Bwana Polepole, awe mjomba, awe mwanaume yeyote utakayekuja kumtambulisha kwangu.

Usifikiri pia kwamba bado najificha huku nyumbani na kukutuma wewe ukaseme ukweli peke yako. Leo baada ya ibada nilisimama na wenzangu pale nje ya kanisa. Baba Lusajo akaanza, anatafuna muwa: "Fundi, nasikia unampeleka binti Iringa akachonge fimbo. Za kumchapa nani?"

Wote wakacheka. Nikamwambia, "Ile fimbo uliyonipigia bega kwa ajili yake ni ya Tusa. Mimi niliibeba tu."

Akaacha kutafuna. "Unatania."

"Sitanii. Nilisema uongo."

Mwingine akauliza, "Sasa kwa nini unatuambia?" Nikasema kwamba nimechoka kuchechemea. Kicheko kilirudi, safari hii cha kunicheka mimi, na ninavyojua Mwanjelwa kitadumu mpaka mavuno. Kiache. Nina mabega mapana, na ndiyo kitu pekee cha fundi mkubwa nilichobaki nacho.

Ukiwa na hasira, kuwa nayo. Safari ni ndefu na barabara ni mbaya, zitasaidiana. Ila usishuke Makambako urudi. Hata ukija mlangoni kesho kutwa na sanduku kichwani, nitakupa chai, nitakupa chakula, na asubuhi nitakupeleka mwenyewe kwa miguu yangu yote miwili, wa goti na usio wa goti. Utakwenda, Tusa. Hilo nimeshaliamua, na safari hii nimeliamua kwa ajili ya mtu sahihi.

Nasikia sauti yako kule njiani, unaongea na mtoto wa jirani, kwa hiyo namalizia haraka.

Kuna fimbo ya nne hapa mbele yangu. Nimeianza jana. Nimefika pale karibu na mpini ambapo yako inaanza kukunjwa, na sijui umefanya nini. Umepunguza ndani ya vipande kabla ya gundi? Vyote sita, au vingine tu? Umeanzia kifundo gani? Nimeipasua kila namna kwa macho sioni. Niandikie ukishatulia. Usiruke kitu kwa kudhani baba anajua. Nisipoelewa, nitakuuliza tena.

Baba yako